Mwalimu, ninunue tableti au nisinunue?

SWALI

Habari Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Umoja hapa Nairobi. Mkubwa yuko Gredi ya 2. Kusoma anababaiza, na hesabu za kutoa zinamtoa jasho. Mdogo ana miaka 3. Mume wangu ameona tableti ya watoto pale Luthuli kwa shilingi 12,000, na mwenye duka anaapa kwamba imejazwa programu 30 za elimu. Jirani yetu alimnunulia mwanawe kama hiyo, na siku hizi mtoto hatoki nje kucheza na wenzake. Mimi ninasita, baba yao anasema nimeachwa na dunia. Vitu hivi vinafunza kweli? Na huyu mdogo aruhusiwe kugusa?

JIBU

Vinafunza, dada, ila si vyote. Na katika barua yako, zile programu 30 zimenishtua kuliko hizo shilingi 12,000. Programu mbili tatu zilizochaguliwa vizuri zinamtosha mtoto wa Gredi ya 2 mwaka mzima. Thelathini huwekwa ili mnunuzi avutiwe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Katuni ya televisheni huendelea hata mtoto akisinzia. Teknolojia shirikishi humsubiri atende jambo, kisha humjibu kulingana na alichotenda, na faida yake yote iko hapo. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kuinamia daftari la kila mmoja. Mwanao akikosea hesabu saa tatu asubuhi, huenda wino mwekundu akauona kesho yake, akiwa amekwisha kusahau alikuwa akiwaza nini. Kifaa kinaweza kumjibu papo hapo. Tena hakichoki, hakimcheki, wala hakimlinganishi na mtoto wa jirani.

Lakini kujibu upesi si kufundisha. Chukua hesabu ya aina inayomsumbua mwanao, tuseme 13 toa 5. Programu ya kwanza inaandika swali na kuweka majibu manne chini yake. Mtoto anagusa 7, kifaa kinatoa mlio wa kosa. Anagusa 9, mlio tena. Anagusa 8, fataki zinalipuka na sarafu za dhahabu zinamiminika. Haya, swali linalofuata. Hakuna hesabu iliyofanyika hapo, ila mtoto anashangilia, na wewe ukiwa jikoni unasikia fataki na kujiambia kwamba anaendelea vizuri. Watoto wa namna hii nimewatazama sana katika maktaba za Eastlands: kidole kinazunguka majibu kwa mpangilio uleule, juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, na macho hayasomi swali kamwe.

Programu ya pili inaonyesha vijiti 13: fungu moja la kumi lililofungwa kwa mpira, na vitatu vilivyo peke yake. Mtoto anaambiwa aondoe vitano. Anaburuta cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anakwama, maana vya peke yake vimeisha. Analivuta lile fungu, linatikisika tu. Hapo panakuwa kimya, na kimya hicho ndicho mnachotakiwa kukilipia. Baadaye anajaribu kuugusa ule mpira, fungu linafunguka, vijiti kumi vinatawanyika. Anaondoa viwili zaidi, anahesabu vilivyosalia, na hakuna fataki. Kwa watoto wengi wanaohangaishwa na kutoa, ugonjwa uko hasa kwenye kulifungua lile kumi. Darasani wamekariri kwamba "unakopa moja kwa jirani" bila kujua hiyo moja ni nini na jirani ni nani.

Najua utasema vijiti vya kweli na mpira wa mkononi vinafanya kazi hiyohiyo bila chaji. Ni kweli, na ukiwa na nusu saa jioni, anza navyo. Kifaa kinakuzidi kwa jambo moja: kitamletea swali jingine, na jingine, kila moja likiwa limepimwa kwa jinsi alivyojibu lililotangulia, hata wewe ukiwa bado umekwama kwenye foleni ya Jogoo Road.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fungua programu mwenyewe na ujibu vibaya kwa makusudi mara kadhaa mfululizo. Ikiendelea kulia mlio tu, hiyo ni mashine ya mtihani. Ikipunguza ugumu, ikionyesha picha au ikikurudisha hatua moja nyuma, basi ujue aliyeitengeneza alikaa akafikiria namna mtoto anavyokosea. Kisha mpe mtoto dakika kumi, mtazame vidole, na umuulize, "Umejuaje?" Akikwambia amegusa tu, mmeshamalizana na programu hiyo. Akianza kueleza, hata kama maelezo yenyewe yamepinda, programu hiyo ibaki.

Baba yao ana haki ya kudai ushahidi, kwa hiyo nianze na ule unaomuunga mkono. Shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa tableti watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga, Tanzania. Tableti hizo zilikuwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na zilichajiwa kwa sola. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kuingia shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imeshuka kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Mahali pasipo na mwalimu, hayo ni makubwa. Ila hesabu hiyohiyo inasema pia kwamba karibu nusu ya watoto walikuwa na tableti nzuri, ya lugha yao, kwa mwaka na zaidi, na bado hawakuweza kusoma neno.

Wa kukuunga mkono wewe unatoka Kisumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu: tableti kwa maafisa wanaozuru shule kuwasaidia walimu, tableti kwa walimu wenyewe, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Zote ziliinua usomaji kuliko shule ambazo hazikupata chochote. Lakini vitabu vizuri na miongozo ya walimu, bila kifaa chochote, vilileta matokeo ya karibu sawa kwa gharama ndogo. Na hapa nchini tuna somo letu wenyewe: vipakatalishi vilivyoahidiwa kwenye kampeni za 2013 viligeuka tableti, zikaanza kugawiwa shule za msingi 2016, zaidi ya milioni moja kwa jumla, na shule nyingine zikazifungia stoo kwa hofu ya wezi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Delhi, India, kuhusu programu inayoitwa Mindspark, uliochapishwa mwaka 2019. Wanafunzi walihudhuria kituo baada ya masomo kwa miezi minne na nusu tu, na wakapiga hatua kubwa katika hisabati na Kihindi. Programu ilimpima kila mtoto na kumpa kazi ya kiwango chake halisi, bila kujali darasa aliloandikishwa, kwa maana wengi walikuwa nyuma kwa miaka kadhaa. Hilo linamhusu mwanao moja kwa moja. Yuko Gredi ya 2, lakini anayebabaiza kusoma huenda anahitaji kazi za PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, katika silabi, huku kwenye hesabu pengo likawa dogo zaidi. Programu ikikuuliza darasa lake kisha ikamfungia hapohapo, haitamsaidia. Inayomfanyia kipimo kwanza, hiyo ndiyo ya kuangalia. Ukiona imeidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ni heri zaidi, maana hukagua maudhui ya kidijitali kama inavyokagua vitabu vya kiada. Idhini hiyo inakuhakikishia maudhui yanalingana na mtaala, ila mtoto wako bado utamjaribisha mwenyewe.

Sasa kusoma. Programu nyingi za bure zinafunza herufi kwa Kiingereza cha Marekani, na mtoto anayezungumza Kiswahili na Sheng nyumbani anajikuta akikariri nyimbo za herufi asizoweza kuzitumia kuunda neno. Mwanzishie kwa Kiswahili, ambamo silabi hazibadiliki-badiliki: akishashika ba, be, bi, bo, bu, anasoma "baba" na "bibi" siku hiyohiyo, na moyo unapata nguvu ya kuikabili Kiingereza. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, nazo zimepangwa kwa viwango. Zipakue pale mnapopata waifai, azisome bila bando.

Kisha kuna kitu ambacho tayari unacho na hakina gharama: kinasa sauti cha simu yako. Mwambie asome ukurasa mmoja wa kitabu chake cha shule, ajirekodi, halafu asikilize huku kidole kikifuata maneno. Watoto hujisahihisha wenyewe kwa ukali ambao mzazi hawezi kuufikia. Atasema "hapa nimeruka," atafuta, atarekodi upya. Amesoma ukurasa uleule mara nne bila kulazimishwa, na wewe una rekodi ya Januari ya kulinganisha na ya Machi. Ukitaka, itume kwa nyanyake. Mtoto anayejua kwamba nyanya atasikiliza husoma kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu kuachwa na dunia, mumeo ana hoja. Mtaala wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, kwa hiyo hili halikwepeki. Ila kugusa skrini si ujuzi. Hata yule wa miaka 3 anaweza kugusa. Ujuzi unaanza mtoto anapokiamrisha kifaa. Jaribu ScratchJr, programu ya bure kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, isiyo na matangazo. Mwanao akiwa amepita umri huo kidogo, bado itamfaa kuanzia. Humo mtoto huchora mhusika, kisha humpangia amri kwa kuunganisha vipande vya rangi: nenda mbele, geuka, sema, subiri. Wavulana na wasichana wa hapa Nairobi niliowaonyesha huanza karibu wote na matatu. Wanaichora, wanaipaka rangi za vurugu, wanaiandikia namba ya ruti. Kisha wanataka isimame stejini, nayo inapitiliza. Ukumbi wa ScratchJr una miraba 20 kwa upana. Mtoto ameandika 15, steji iko mraba wa 11, na gari lilianzia wa pili. Anajaribu 10, inapita kidogo. Anajaribu 9, inasimama. Amefanya 11 toa 2 bila kuambiwa kwamba hii ni hesabu, na safari hii anajua kwa nini jibu ni hilo. Programu hii imetengenezwa kwa tableti, kwa sababu skrini ya simu inabana, na kwangu hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kununua tableti. Akikua kidogo ataingia kwenye Scratch yenyewe, ambayo ina Kiswahili pia.

Nawe ukae wapi wakati huo? Karibu. Si lazima ujue kompyuta. Kaa hapo unachambua sukuma na uulize: "Inaenda wapi hiyo? Kwa nini imegonga?" Mtoto akilazimika kukueleza, anayapanga mawazo yake, na kazi hiyo hakuna programu inayoifanya kama mtu. Ndiyo maana pia sikubaliani na wazazi wanaomnunulia kila mtoto kifaa chake. Watoto wawili kwenye tableti moja watagombana, naam, lakini watabishana kuhusu hatua inayofuata, na katika ubishi huo watajifunza zaidi ya kila mmoja kukaa kimya pembeni na vipokea sauti masikioni.

Mtoto wa jirani yako simlaumu. Vitu hivi vingi vimeundwa ili visiwe na mwisho: video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, sarafu zinazidi kuongezeka, na usiporudi kesho unapoteza zawadi. Mtu mzima mwenyewe anashindwa kuacha. Kwa hiyo zima uchezaji wa video unaojiendesha, futa programu zenye matangazo, na utumie Family Link, programu ya Google ya wazazi, kuweka kikomo cha muda. Simu nyingi za Android pia zina mpangilio wa kubandika programu moja kwenye skrini asiweze kutoka bila nambari yako ya siri. Lakini kinachofanya kazi kuliko vyote ni kumaliza kwa kazi badala ya kwa dakika. "Hadithi moja, matatu ikifika stejini, tunafunga." Ukimkatiza katikati ya kitu anachokijenga, atalia kwa haki. Tableti ikae sebuleni na chaja ilale chumbani kwenu.

Huyu wa miaka 3 ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora. Linataka pia mtoto wa miaka 3 acheze na kukimbia kwa angalau dakika 180 kwa siku na alale saa 10 hadi 13. Ukishatoa hizo, na kula, na kuoga, utaona muda wa skrini unaosalia si mwingi. Tena watoto wadogo hujifunza kidogo sana kutoka kwa video. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2014 uliwachukua watoto wa miezi 24 hadi 30 na kuwafunza maneno mapya. Waliofunzwa na mtu kwa simu ya video, anayewaona na kuwajibu, walijifunza sawa na waliokaa naye ana kwa ana. Waliotazama mtu huyohuyo kwenye video iliyorekodiwa hawakujifunza. Kwa hiyo ukitaka mdogo aguse skrini, mpigie nyanyake video kupitia WhatsApp, wahesabu kuku pamoja. Na tableti ya mkubwa ikiwa imefunguliwa, mdogo akaribie aangalie, aulize, achekeshwe na matatu ya kakake. Asipewe peke yake ili nyumba itulie. Najua kuna siku utafanya hivyo, umechoka, stima imerudi saa mbili usiku na nguo hazijapigwa pasi. Siku moja haimharibu mtoto.

Kabla sijasahau: programu nyingi za bure hutaka jina la mtoto, umri, picha, hata mahali alipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumika, na mwaka 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Lakini kampuni iliyo ng'ambo huwezi kuifuata kwa urahisi. Tumia jina la utani, weka tarehe ya kuzaliwa ya uongo ndani ya mwaka uleule, na ukatae maikrofoni na kamera pale zisipohitajika.

Kuhusu pesa, mwezi huu msinunue. Tumieni simu yako: kurekodi, hadithi za Kiswahili, na programu moja ya hesabu iliyopita kile kipimo cha kujibu vibaya. Mkiona mtoto anaitumia, na nyinyi mmepata nafasi ya kukaa naye hata mara tatu kwa wiki, nendeni Luthuli. Msimwachie mwenye duka awaonyeshe yeye. Mwambieni azime waifai, kisha mfungue zile programu 30 moja baada ya nyingine mkiwa na mtoto. Nyingi zitagoma bila intaneti, na nyingine zitaanza kwa tangazo. Ingieni kwenye mipangilio mtazame toleo la Android na nafasi iliyobaki. Tableti za bei hii mara nyingi huandikwa kwenye boksi ukubwa ambao haumo ndani, na toleo la zamani sana litakataa hata hiyo ScratchJr mnayoifuata. Chajini hapohapo kwa robo saa muone kama inapata moto. Ikiwa ile tableti "ya watoto" haikubali kufutwa programu zilizokuja nayo, iacheni mtafute ya kawaida, hata iliyotumika, mradi betri ni nzima na mwenye duka yuko tayari kuandika waranti kwenye risiti kabla hamjaondoka.